Ndege yetu inapanda kidogo kisha inaanguka kwa pua. Je, tununue balsa?

"Mwalimu, salaam. Mimi ni fundi baiskeli hapa Tanga. Binti yangu wa miaka 12 anapenda ndege kupita kiasi, na mwaka huu tumeamua kutengeneza moja wenyewe, ya kurusha kwa mkono. Bawa tulilikata kwenye ile polistirini nyeupe iliyokuja na televisheni ya jirani: sentimita 90 kutoka ncha hadi ncha, upana 15, unene 3. Mwili ni ubao wa msonobari wa sentimita 80, upana 3, unene 2. Mara ya kwanza nilitumia gundi ya fundi viatu, bawa likaliwa kama limemwagiwa tindikali. Nadhani niliuziwa gundi feki. Mara ya pili nikatumia gundi nyeupe ya mbao na misumari midogo, ikashika. Tumeipima dukani: gramu 410. Nikiiweka juu ya vidole viwili inatulia katikati kabisa ya upana wa bawa, kwa hiyo naona mizani yake iko sawa. Lakini tukiirusha inapanda kama mita mbili, inasimama, halafu inaanguka kwa pua. Tukitumia nguvu zaidi ndiyo inazidi kuharibika. Rafiki yangu anasema ni nyepesi mno, tuongeze uzito mabawani ili ishike upepo. Mwingine anasema bila mbao za balsa za kuagiza nje tunapoteza muda, na bei yake pamoja na usafirishaji imenitisha. Binti naye anataka tuweke injini. Ninazo tyubu kuukuu nyingi, spoku, mota ya DVD iliyokufa na betri za simu. Tuanzie wapi?"

Ndugu yangu, hongera wewe na binti yako, na asante kwa kuniletea vipimo. Wengi huniandikia "ndege yangu haipai" na hakuna zaidi, nami nabaki kukisia. Wewe umenipa urefu, upana, unene, uzito na mahali ndege inapotulia kwenye vidole. Kwa namba hizo naweza kukuambia kwa uhakika kabisa kwamba hamjakosea kuchagua polistirini, na kwamba balsa isingewasaidia. Mngejenga ndege hiyo hiyo kwa balsa, ingeanguka vile vile. Ndege yenu ina magonjwa mawili: ni nzito mno, na kitovu cha uzito wake, yaani pale inapotulia kwenye vidole, kimekaa nyuma mno. Yote mawili yanatibika kwa vitu vinavyopatikana hapo hapo Tanga, vingine viko kwenye banda lako la kazi.

Nianze na gundi, maana nisingependa umlaumu aliyekuuzia. Gundi ile haikuwa feki. Polistirini ya kufungashia ni plastiki iliyofurishwa hadi karibu asilimia 98 yake ikawa hewa. Gundi ya viatu imechanganywa na kimiminika kikali kinachokauka haraka, na kimiminika hicho ndicho kinachoyeyusha plastiki hii. Kuta nyembamba za vile vipunje zinalainika, hewa inatoka, na kipande cha ukubwa wa ngumi kinabaki utelezi kidogo. Petroli hufanya hivyo hivyo, thina pia, na supaglu ya kawaida pia. Solushini yako ya viraka nayo iache kwenye tyubu. Gundi nyeupe ya mbao ni salama kwa sababu imechanganywa na maji, ila inahitaji hewa ili ikauke, na polistirini haipitishi hewa vizuri. Ipake nyembamba, bana kwa vibanio vya nguo, uiache hadi kesho yake. Epoksi, ile ya mirija miwili inayochanganywa, nayo ni salama na inashika sana, lakini ni nzito, kwa hiyo itumie tone tone pale penye kazi ngumu tu, kama bawa linapokutana na mwili. Gundi yoyote mpya ijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, usubiri nusu saa. Misumari ing'oe yote. Kwenye polistirini msumari haushiki chochote, unatoboa tu na kuongeza gramu.

Sasa uzito. Tuchambue hizo gramu 410 zimekaa wapi. Bawa lako lina ujazo wa lita 4 na kidogo, na polistirini ya namna hiyo huwa na karibu gramu 20 kwa lita, kwa hiyo bawa ni kama gramu 80. Ubao wa mwili una sentimita za ujazo 480, na msonobari mkavu ni karibu nusu gramu kwa kila sentimita ya ujazo: hapo pana gramu 240. Zinazobaki, kama 90, ni mkia, gundi na misumari. Unaona mwenyewe. Zaidi ya nusu ya ndege yenu ni ubao ambao kazi yake ni kushikilia mkia usianguke.

Rafiki yako anayesema muongeze uzito ili ishike upepo ana nia njema, ila ameligeuza jambo. Ndege inabebwa na mwendo wa hewa juu na chini ya bawa. Kadiri ilivyo nzito, ndivyo inavyolazimika kwenda kasi zaidi ili hewa iweze kuibeba. Kwa bawa la ukubwa wenu na gramu 410, nikipiga hesabu, chini ya kilomita 28 hivi kwa saa haliwezi kuibeba ndege. Wewe ni fundi baiskeli, unaijua kasi hiyo: ni mtu anayekanyaga pedali kwa nguvu zote kwenye barabara tambarare. Ndiyo kasi ambayo mkono wa binti yako ungepaswa kuitoa ndege nayo, na ndiyo kasi ambayo ingetua nayo. Mkiipunguza hadi gramu 140, kasi hiyo inashuka hadi kilomita 17 hivi, mwendo wa mtu anayeendesha baiskeli huku akipiga soga. Na kwa kuwa uzito umepungua na kasi imepungua, nguvu ya kugonga ardhi inakuwa ndogo karibu mara nane. Hapo ndipo siri ya ndege inayodumu ilipo. Ndege nyepesi ikianguka inadunda. Ndege nzito, hata uiimarishe vipi, inajivunja kwa uzito wake yenyewe.

Kwa sababu hiyo, kifaa cha kwanza ninachokushauri ununue ni mizani ndogo ya kidijitali, ile inayopima hadi sehemu ya gramu, kama wanayotumia masonara. Mizani ya dukani ni nzuri kwa unga. Mpe binti daftari, kila kipande kipimwe kabla hakijabandikwa, na uzito wake uandikwe. Mtashangaa jinsi gundi inavyoiba gramu bila kuonekana. Mimi nilijenga ndege kwa miaka miwili nikikisia uzito kwa mkono, na ndege zote za miaka ile zilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.

Badala ya ubao, tafuta mwanzi. Pasua ufito wa sentimita 80, upana sentimita 1, unene milimita 7, uusawazishe kwa kisu halafu msasa. Utakuwa na gramu 40 hivi, na hautavunjika kirahisi kama msonobari kwa sababu nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho. Upande wa ganda la nje ndio wenye nguvu, usiuparue. Ufito mwingine mwembamba zaidi, milimita 5 kwa 3, upachike ndani ya bawa kutoka ncha hadi ncha. Polistirini inakatika ikikunjwa, mwanzi unazuia. Kwa mkia, chelewa za mnazi zinatosha kabisa. Chomoa mbili tatu zilizonyooka kwenye fagio, zibandike kando ya mkia. Watoto wa pwani wanaotengeneza tiara wamelijua hili siku nyingi: chelewa ni nyepesi, inapinda bila kukatika, na haina gharama. Binti yako kama ameshatengeneza tiara, ameshajifunza nusu ya kazi hii.

Bawa la sentimita 3 ni nene mno. Lishushe hadi milimita 12. Wengi hukata polistirini kwa waya wa moto, na kweli inakatika kama siagi, lakini sikushauri uanze na hiyo ukiwa na mtoto. Moshi wake ni mbaya kwa mapafu, na nimeona watu wakichomeka waya wa jiko la umeme moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Huo ni umeme wa kuua. Wewe una njia bora zaidi mkononi. Chukua waya wa breki uliochakaa, ufumue, utoe nyuzi mbili, uzisokote pamoja, ufunge kila mwisho kwenye kipande cha spoku uwe mpini. Weka bapa la polistirini katikati ya fito mbili za mbao zenye unene wa milimita 12, kisha mvutane huku na huku, wewe upande mmoja na binti upande wa pili, waya ukiteleza juu ya fito. Ule msokoto unakata kama msumeno. Baada ya hapo ni msasa mwembamba uliobandikwa kwenye kipande cha ubao bapa: chini ya bawa pabaki tambarare, juu pawe na mgongo ulionyanyuka zaidi pale palipo sentimita 5 hivi kutoka mbele, kisha pateremke taratibu hadi ukingo wa nyuma ubaki milimita 2 au 3. Ukingo wa mbele uwe mviringo, usiwe mkali. Bapa lenye kona nne kama mlilonalo sasa linaipasua hewa vibaya. Mgongo huo mdogo unalifanya bawa libebe zaidi kwa kasi ndogo. Msifanye kazi ya msasa ndani ya chumba cha kulala, na fungeni kitambaa puani.

Nimefika kwenye ugonjwa wa pili, na huu ndio unaoiangusha ndege yenu. Unasema inatulia katikati ya bawa, kwa hiyo mizani iko sawa. Nakuelewa, maana kwa gurudumu ni hivyo: likilemea upande mmoja lina kasoro. Ndege ni jamaa ya mshale. Mshale una uzito mbele na manyoya nyuma, na ukijaribu kuutupa kinyumenyume unajigeuza angani wenyewe. Nguvu inayolinyanyua bawa haifanyi kazi katikati ya upana wake. Inafanya kazi mbele zaidi, karibu robo ya upana kutoka ukingo wa mbele. Mkia nao, ukiwa mbali nyuma, unaongeza mkono wake kila pua inapoyumba. Ukijumlisha bawa na mkia, kuna mahali fulani ambapo ndege yote inasukumwa na hewa kila inapobadili pembe. Kitovu cha uzito kikiwa mbele ya mahali hapo, upepo ukinyanyua pua, nguvu iliyoongezeka inasukuma kwa nyuma ya kitovu na kuirudisha pua chini. Ndege inajisahihisha yenyewe, bila rubani. Kitovu kikiwa hapo hapo au nyuma yake, pua ikinyanyuka kidogo inaendelea kunyanyuka, na hakuna cha kuizuia.

Ndicho mnachokiona. Mnairusha, pua inapanda, kasi inakwisha, pembe inakuwa kali mno, hewa inaachana na mgongo wa bawa, na ndege inaporomoka. Mkirusha kwa nguvu zaidi mnaipa nguvu zaidi ya kupanda kuelekea mporomoko ule ule. Dawa ni kuleta kitovu hadi theluthi ya upana wa bawa, yaani sentimita 5 kutoka ukingo wa mbele. Ninyi mko kwenye sentimita 7 na nusu. Sentimita mbili na nusu zinaonekana kidogo, lakini ndizo zinazotenganisha ndege na jiwe.

Kabla hamjabomoa chochote, fanyeni jaribio hili leo jioni ili binti aone kwa macho yake. Chora alama kwa kalamu chini ya bawa, sentimita 5 kutoka mbele, pande zote mbili. Funga nati za baiskeli kwenye pua, ukiongeza moja moja, hadi ndege itulie kwenye vidole ukiwa umeishika kwenye alama hizo, pua ikiinama kidogo sana. Kama pua yenu inatangulia bawa kwa sentimita 15, mtahitaji kama gramu 50. Kisha irusheni juu ya majani marefu. Itakwenda kwa kasi na itatua kwa kishindo, maana bado ni nzito, ila ule mpando na mporomoko utapungua au utaisha. Mkishaona hivyo, ndipo mjenge upya.

Na mkijenga upya, mkumbuke kwamba gramu moja ya mkiani inadai zaidi ya gramu moja puani, kwa sababu mkia uko mbali na kitovu kuliko pua. Kwa hiyo mkia ndio sehemu ya kubania gramu kuliko zote. Kwa bawa lenu, mkia mlalo wa sentimita 34 kwa 9 unatosha, na ule wa wima uwe na eneo la sentimita za mraba 120 hivi, vyote vya polistirini ya milimita 6. Ukingo wa mbele wa mkia uwe sentimita 45 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa. Bawa lenyewe mlikalishe juu ya kipande kidogo cha mwanzi ili ukingo wake wa mbele unyanyuke milimita 6 kuliko wa nyuma, huku mkia ukibaki sambamba na mwili. Ile tofauti ndogo ya pembe ndiyo inayoufanya mkia uwe mlinzi. Mfaransa Alphonse Pénaud aliitumia kwenye ndege yake ndogo ya mpira aliyoirusha Paris mwaka 1871. Ilikaa angani sekunde 11 ikijiongoza yenyewe, wakati watu wazima wengi bado walikuwa wakijenga mitambo mikubwa isiyonyanyuka.

Jambo la mwisho la umbo: likate bawa katikati, ulibandike tena ncha zikiwa zimenyanyuka, kila moja sentimita 5 juu ya usawa wa katikati, kama herufi V iliyolala wazi. Ndege ikiinamia upande, inateleza kuelekea upande huo, na bawa la chini linakutana na hewa kwa pembe kubwa zaidi, linanyanyuka. Pale katikati palipokatwa pawekwe epoksi na kipande cha mwanzi kilichopindwa kwa moto, maana ndipo panapobeba kila kitu. Mkifuata vipimo hivi mtapata ndege ya gramu 120 hadi 140 pamoja na uzito wa puani.

Siku ya kurusha iwe asubuhi na mapema, kabla upepo wa bahari haujaamka. Huko Tanga mnajua: saa moja hewa imelala, saa tano imechafuka. Msirushe kuelekea juu. Shika ndege chini ya kitovu chake, tembea hatua tatu ukikabili upepo kama upo, isukume mbele kama unayemkabidhi mtu kitu, pua ikitazama ardhi iliyo mita 15 mbele yako. Ikipanda na kuporomoka, ongeza gramu mbili puani. Ikiinama moja kwa moja chini, toa gramu mbili, au nyanyua ukingo wa nyuma wa mkia kwa milimita 1 ukitumia kipande cha kadi kilichobandikwa hapo. Ikikata kushoto, tazama kwanza kama bawa limejipinda. Mara nyingi ndilo. Badilisha kitu kimoja tu kwa kila mrusho, na binti aandike. Wanaobadilisha vitu vitatu kwa pamoja hupata ndege inayoruka bila kujua kwa nini, na kesho yake hairuki tena.

Kuhusu balsa, nitakupa pande zote mbili kwa haki. Ni mti mzuri ajabu. Unatoka Amerika ya kitropiki, nyingi inauzwa kutoka Ecuador, na ni jamaa wa mbuyu na msufi wetu. Balsa ya kawaida ina kilo 160 hivi kwa mita ya ujazo, chini ya theluthi moja ya msonobari wako, na kwa uzito wake ni imara sana. Inakatika kwa wembe na inasagika kwa msasa kama chaki. Waliobobea hutengeneza nayo ndege za ndani ya ukumbi zisizofika gramu 2 bila mpira wake, na nyingine zimekaa hewani zaidi ya nusu saa. Lakini ni nzito karibu mara nane kuliko polistirini kwa ujazo ule ule, kwa hiyo uzuri wake unaonekana pale tu unapojua kuchonga vipande vyembamba na kuviunganisha kama mifupa. Bapa nene la balsa mikononi mwa anayeanza ni hasara. Tena inavunjika kwenye kila mporomoko wa kwanza, na miporomoko ya kwanza ni mingi. Jengeni ndege tano za polistirini na mwanzi. Mkifika ya sita, mkiwa na daftari lililojaa vipimo, ninyi wenyewe mtajua mnahitaji balsa ya unene gani, na fedha haitapotea.

Injini. Namwelewa binti yako, kila mtoto anataka ndege inayojisukuma. Mwaka 1878 watoto wa familia ya Wright huko Marekani waliletewa na baba yao kitu kidogo cha kuruka kwa mpira, kilichoigwa kwa kazi ya Pénaud, cha mwanzi, karatasi na kizibo. Kilipovunjika wakajitengenezea wenyewe. Kwa hiyo mpira ni shule ya kuheshimika, nami ningeanzia hapo. Ila tyubu zako ziache. Tyubu nyingi nyeusi za baiskeli ni za mpira wa butili. Mpira huo unashikilia hewa vizuri, ndiyo sababu yako ya kuupenda, lakini ukiuvuta na kuuachia unameza sehemu kubwa ya nguvu uliyoiweka na kuigeuza joto. Tumieni rababendi za kufungia noti, ambazo huwa za mpira wa asili, mziunganishe mnyororo. Zipakeni glisirini ya duka la dawa au mafuta ya nyonyo zisisuguane. Vaseline na mafuta ya mashine vinauozesha mpira. Panga za propela zinakatwa kwenye ubavu wa kopo la mtindi, kwa mshazari kidogo, tayari zina mkunjo unaofaa. Kwa mhimili tumia kibanio cha karatasi kilichonyooshwa. Spoku moja ina karibu gramu 6, na hiyo ni nyingi kwa mhimili. Ikatwe iwe uzito wa puani. Ndege ya mpira lakini iwe nyingine, ndogo zaidi, ya sentimita 45 hivi na gramu zisizozidi 20. Hii kubwa iendelee kuteleza.

Mota ya DVD na betri za simu, hapana kwa sasa, na nitasema kwa nini. Mota za namna ile mara nyingi hazizunguki kwa kuunganishwa nyaya mbili tu. Zinahitaji kidhibiti chake maalumu. Betri ya simu imetengenezwa kutoa umeme mdogo kwa muda mrefu, ilhali ndege inadai mkondo mkubwa kwa dakika chache. Ukiilazimisha inapata joto, inavimba, na inaweza kuwaka moto usiozimika kwa kikombe cha maji. Betri za lithiamu za ndege zenyewe zina masharti: kila seli isizidi volti 4.2 ikichajiwa, isishuke chini ya 3, chaja iwe ya kwake, na asiachwe mtu akalala huku inachaji. Betri yoyote kati ya ulizonazo ikiwa imevimba au imetobolewa, itoeni nje ya nyumba leo, ikae kwenye bati lenye mchanga mkavu mbali na vitu vinavyoungua. Mkifikia hatua ya umeme, msijifunze kwa maandishi yangu peke yake. Mtafute fundi wa elektroniki anayezifahamu betri za lithiamu, akae nanyi jioni moja, aone unavyounganisha.

Rimoti nayo ina upande wa sheria. Ndege inayoongozwa kutoka chini inahesabiwa kuwa chombo kisicho na rubani, na Tanzania vyombo hivyo vinasimamiwa na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na vinahitaji kibali. Kenya ni KCAA, mamlaka ya anga ya huko, chini ya kanuni za mwaka 2020. Ulizeni ofisini kwao kabla ya kununua, si baada. Na hata hii ya kurusha kwa mkono, kwa kuwa uwanja wa ndege wa Tanga uko karibu na mji, chagueni kiwanja kilicho mbali na njia ya ndege.

Usalama mwingine ni mdogo ila nisiupite. Supaglu ikiingia jichoni, osheni kwa maji mengi na mwende hospitali, msijaribu kufungua kope kwa nguvu. Wembe uwe kwenye mpini, na binti akate kuelekea mbali na kidole. Pua ya ndege ifunikwe kipande cha sponji, kwa sababu hata gramu 140 zikimfika mtoto jichoni zinaumiza.

Mkimaliza ndege mpya, niandikie namba tatu: uzito wote, mahali inapotulia kutoka ukingo wa mbele, na umbali iliokwenda ikirushwa kutoka kimo cha bega asubuhi isiyo na upepo. Ikivuka mita 12 bila kupanda na kuporomoka, mko tayari kwa mpira. Isipovuka, nitumie na ukurasa wa daftari la binti, tutaanzia hapo.